Mtaro umebomoa ukuta wako: barua kwa Mkurugenzi, Tume, au Mahakama Kuu?

Mvua za Dodoma ni chache, lakini zikija zinakuja kwa pamoja. Usiku mmoja wa Januari ukuta wa uzio wa mama mdogo wangu ulilala chini wote, na choo cha nje kikatitia. Miezi mitatu kabla ya hapo taasisi moja ya umma ilikuwa imechimba mtaro mbele ya nyumba yake, kina kikimfika mtu kiunoni, ikaondoka bila kuujengea. Maji yalipokuja yalikula udongo chini ya msingi. Asubuhi nilimkuta amesimama pembeni ya lile shimo na kanga mabegani. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa naanzia wapi?"

Kabla sijajibu, watu watatu walikuwa wameshajibu. Mjumbe alisema aende kwa mtendaji wa mtaa. Jirani, mwalimu mstaafu, alisema aende Tume ya Haki za Binadamu. Mwanawe wa kwanza alisema twende mahakamani, hawa watu hawaelewi lugha nyingine. Wote watatu walikuwa na hoja, ila kila njia waliyoitaja inatoa kitu tofauti, ina gharama tofauti, na moja kati yake ina saa inayohesabu hata kama wewe umelala. Naandika haya kwa aliyesimama pale aliposimama mama mdogo asubuhi ile.

Kwanza, mtaro ni wa nani?

Hili linawapoteza wengi. Ukimwandikia asiyehusika, utajibiwa kwa upole baada ya miezi miwili kwamba suala lako "si la ofisi hii", na miezi hiyo hairudi.

Barabara za mitaani na vijijini, pamoja na mitaro na makalavati yake, siku hizi ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Kabla ya hapo zilikuwa za halmashauri yenyewe, ndiyo maana wazee bado wanasema "barabara ya manispaa". Barabara kuu na za mkoa, kama zile za kwenda Morogoro, Iringa na Singida, ni za TANROADS, wakala wa barabara wa Serikali Kuu. Bomba la maji likipasuka na kufurika ndani kwako, au chemba ya majitaka ikitapika uani, hapa mjini mwenyewe ni DUWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Dodoma. Dampo, gari la taka, soko, zahanati, kituo cha afya na shule ya msingi ya serikali, hivyo ni vya halmashauri.

Ukigongwa na gari la umma, soma namba yake kabla halijaondoka. Herufi SM maana yake Serikali za Mitaa, yaani gari la halmashauri. Zinazoanza na ST ni za Serikali Kuu, na SU ni za mashirika ya umma. Piga picha.

Na kama karatasi zako za kiwanja zina kichwa cha CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, usihangaike kuitafuta. Mamlaka ile ilivunjwa mwaka 2017 na majukumu yake yakahamia manispaa, ambayo tangu Aprili 2018 ni Halmashauri ya Jiji la Dodoma.

Barua: rahisi, ya karibu, na haimlazimishi mtu

Njia ya mjumbe ndiyo ya kuanzia karibu kila mara. Unaanzia kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, wanakuja kuona, mtendaji anaandika taarifa, unakwenda kata, kisha barua yako inafika kwa Mkurugenzi wa Jiji au Meneja wa taasisi husika. Diwani mpe nakala, kwa sababu yeye ndiye mwenye mdomo ndani ya baraza la madiwani. Huhitaji wakili wala ada, na lugha ni Kiswahili chako cha kila siku. Malalamiko unaweza pia kuyatuma kwa simu kupitia mfumo wa Serikali wa e-Mrejesho, kwa kupiga *152*00#.

Nguvu ya njia hii ni kwenye kurekebisha. Ukitaka mtaro ujengewe kabla ya mvua ijayo, au shimo la soko lifunikwe watoto wasitumbukie, barua na diwani mkali hufanya kazi haraka kuliko jaji yeyote. Udhaifu wake ni kwenye fedha. Mkurugenzi hana fungu la kukulipa ukuta kwa sababu tu amekuonea huruma. Bila makubaliano rasmi au amri, mhasibu wake ataulizwa na wakaguzi alilipa kwa msingi gani. Kwa hiyo utasikia "tunalifanyia kazi" mara nyingi, na anayesema hivyo anaweza kuwa mtu mwema kabisa.

Lakini barua ina faida nyingine ambayo watu hawaioni. Ukifika mahakamani, utetezi wa kwanza utakaoukuta ni kwamba mvua ilikuwa kubwa kupita kiasi, ni kazi ya Mungu. Dawa ya utetezi huo ni kuonyesha kwamba walijua hatari ipo na hawakufanya kitu. Barua ya Novemba yenye mhuri wa kupokelewa, inayosema "mtaro huu utaangusha ukuta wangu", ina uzito kuliko picha hamsini za Februari. Kwa hiyo ukiona kalavati limeziba mtaani kwenu, andika leo, kabla hakujatokea kitu.

Mhuri wenyewe usiuchukulie kirahisi. Mama mdogo alipeleka barua yake, kijana wa masjala akaipokea na kuiweka juu ya rundo. Nilimrudisha dirishani. Nenda na nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine igongwe mhuri, tarehe na saini, urudi nayo nyumbani. Isiyo na mhuri ni karatasi tu.

Tume: bure, ina uzito, lakini hutoa mapendekezo

Mwalimu mstaafu hakukosea. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ipo kwa mujibu wa Katiba, Ibara ya 129, na sheria yake ni ya mwaka 2001. Ilirithi kazi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya miaka ya 1960 ambayo wazee wanaikumbuka. Makao makuu yake yako hapa hapa Dodoma, na hiyo ni nafuu ambayo mtu wa Kigoma hana. Kulalamika ni bure, unaweza kwenda kueleza kwa mdomo wakaandika, na wana mamlaka ya kuwaita maofisa na kudai nyaraka ambazo wewe peke yako usingezipata.

Tofauti yake na barua ni kwamba hapa anayekusikiliza si yule yule uliyemlalamikia. Tofauti yake na mahakama ni kwamba mwisho wa uchunguzi Tume hutoa mapendekezo. Inaweza kupendekeza ulipwe fidia, na taasisi hupewa muda usiozidi miezi mitatu kueleza imefanya nini. Ikikaidi, Tume inaweza kulipeleka jambo mahakamani au kukushauri ulipeleke wewe. Wanakijiji wa Nyamuma kule Serengeti, walioondolewa kwenye makazi yao mwaka 2001, walipewa haki na Tume. Serikali ikakataa kutekeleza, na suala likaenda mpaka Mahakama ya Rufani. Walisubiri miaka, huku mapendekezo yanayowapa haki yakiwa mkononi.

Mimi naipenda Tume kwa malalamiko ya namna fulani: pale ambapo ubaya uko kwenye jinsi ulivyotendewa. Umebomolewa kibanda bila notisi, faili lako limefichwa, umezungushwa ofisi tano kwa makusudi, mtaa mzima umenyimwa huduma. Kwa ukuta mmoja ulioanguka kwa uzembe, nadhani ni njia ndefu.

Kuna jambo la mpangilio hapa. Tume haichunguzi suala ambalo liko mbele ya mahakama. Ukishafungua kesi, mlango wa Tume umejifunga. Ukianza na Tume, mlango wa mahakama unabaki wazi, isipokuwa muda wako wa kisheria ukiisha. Hapo ndipo watu wengi wanapoumia.

Kama ni maji au umeme, kuna mlango wa pembeni

Hasara ikitoka kwa mamlaka ya maji au shirika la umeme, usikimbilie Tume wala mahakama kabla hujaiangalia EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Unaanza kwa kulalamika kwa mtoa huduma mwenyewe kwa maandishi. Usiporidhika, unapeleka EWURA, ambako wanajaribu usuluhishi kwanza, na ukishindikana wanasikiliza na kuamua. Uamuzi wao si ushauri. Asiyeridhika anakata rufaa Baraza la Ushindani. Baraza la watumiaji wa huduma hizo, EWURA CCC, linamsaidia mwananchi kuandaa lalamiko bila malipo. Kwa friji lililoungua au sebule iliyojaa majitaka, ningeanzia hapa bila kusita. Kwa mtaro wa barabara njia hii haipo.

Kwenye matibabu pia kuna kitu cha kutofautisha. Baraza la Madaktari Tanganyika linaweza kumchukulia hatua daktari aliyekiuka maadili, hata kumfutia usajili. Fidia halitoi. Mgonjwa aliyeumizwa kwa uzembe katika kituo cha afya cha halmashauri, akitaka kulipwa, anarudi kwenye njia inayofuata.

Notisi na Mahakama Kuu: hapa ndipo amri ilipo

Kijana wa mama mdogo alitaka kufungua kesi Jumatatu. Haiwezekani, na sababu ni mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020. Zamani kuishtaki halmashauri kulihitaji notisi ya siku 30. Sasa halmashauri, wakala na mashirika ya umma wote wamewekwa ndani ya Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali. Ni lazima utoe notisi ya siku 90, nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na ukifungua kesi lazima umuunganishe na yeye kama mdaiwa pamoja na taasisi iliyokukosea. Usipomuunganisha, shauri lote linaharibika. Na kesi yenyewe inafunguliwa Mahakama Kuu, hata kama unadai ukuta wa milioni moja na laki mbili. Hili linaniuma, nasema wazi. Mtu wa kipato cha chini mwenye dai dogo anapelekwa kwenye mahakama ambayo kuingia bila wakili ni kama kuvuka korongo usiku.

Barua ya malalamiko si notisi. Hapa nimeona watu wenye haki kamili wakianguka. Barua inasema "naomba msaada wenu". Notisi inasema wewe ni nani na unaishi wapi, nini kilitokea, lini na wapi, nani alikosea na kwa namna gani, unadai kiasi gani kwa mchanganuo, na kwamba siku 90 zikipita bila kulipwa utafungua shauri Mahakama Kuu. Itaje taasisi kwa jina lake la kisheria: ni "Halmashauri ya Jiji la Dodoma", si "Mkurugenzi". Gonga mhuri wa kupokelewa kwa taasisi, kisha panda daladala ya Mtumba ukagonge mwingine kwa Mwanasheria Mkuu. Ukimpa nakala na Wakili Mkuu wa Serikali, ambaye ofisi yake ndiyo itakayokuja kutetea, haidhuru. Usipofanya hivyo vizuri, siku ya kwanza mahakamani wakili wa Serikali ataleta pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kuzuia kesi isisikilizwe, na shauri litaondolewa kabla hata ukuta wako haujatajwa.

Sasa saa niliyoitaja mwanzoni. Sheria ya Ukomo, inayoweka mwisho wa muda wa kufungua kesi, inatoa miaka mitatu kwa madai ya madhara kama uzembe. Lakini jedwali la sheria hiyo hiyo linaanza na kipengele kingine: dai la fidia kwa jambo lililofanywa, au lililoachwa kufanywa, kwa kutekeleza sheria iliyoandikwa, ukomo wake ni mwaka mmoja. Taasisi ya umma ikisema mtaro ilichimba kwa mamlaka iliyopewa na sheria, unaweza kujikuta unabishania kama una miaka mitatu au mmoja. Usiingie kwenye ubishi huo. Hesabu mwaka mmoja.

Fanya hesabu na mimi. Ukuta umeanguka tarehe 12 Januari. Mwaka unafika tarehe 12 Januari ijayo. Toa siku 90, uko tarehe 14 Oktoba. Lakini siku 90 lazima ziishe kwanza ndipo ufungue, na wakili anahitaji muda wa kuandaa hati ya madai. Kwa hiyo notisi isipite mwisho wa Julai kufika mezani kwao. Maana yake njia ya barua na diwani unaweza kuipa Februari mpaka Julai, na si zaidi. Wao wanapokwambia "subiri bajeti mpya", saa haijasimama. Mazungumzo ya upole hayasimamishi ukomo, wala faili lililo mezani kwa mtendaji. Nimeona mzee mmoja mvumilivu akisubiri majibu ya heshima mwaka na miezi minne, na alipofika kwa wakili akaambiwa pole.

Je, gharama inastahili? Mahakama inagawa fidia mafungu mawili. Hasara mahsusi, kama tofali, saruji, ufundi na gharama za hospitali, lazima uitaje shilingi kwa shilingi na kuithibitisha kwa risiti. Fidia ya jumla, ya maumivu na usumbufu, jaji anaipima mwenyewe. Kama hasara yako ni chini ya ada ya wakili, kwenda Mahakama Kuu peke yako kunaweza kukuacha na hasara mbili. Hapo jiungeni. Mtaro ulioangusha ukuta mmoja mara nyingi umeharibu nyumba sita. Asiye na uwezo aulize msaada wa kisheria. Sheria yake ipo tangu 2017, wasaidizi wa kisheria wapo kwenye kata nyingi, na kampeni ya Mama Samia iliyoanza 2023 imefika mikoani. Asiyemudu ada ya mahakama anaweza pia kuiomba mahakama imsamehe.

Jambo la mwisho kwenye njia hii ni baada ya kushinda. Ukimshinda mtu binafsi, dalali wa mahakama anakamata gari. Mali ya Serikali haikamatwi hivyo. Unapata hati ya hukumu, inapelekwa kwa ofisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, na malipo yanafuata taratibu zake. Amri unayo, lakini fedha inaweza kukawia. Kwa hiyo zile siku 90 msizione kama ukuta tu. Ni muda ambao mwanasheria wa taasisi analazimika kufungua faili lako na kujiuliza kama anataka kulitetea mbele ya jaji, na makubaliano ya maandishi yaliyofikiwa hapo yanampa mhasibu ule msingi wa kulipa ambao barua ya kwanza haikumpa.

Ukitwaliwa ardhi, usichanganye

Hili linahitaji aya yake, maana Dodoma ya reli ya SGR, barabara ya mzunguko na uwanja wa ndege wa Msalato imehamisha watu wengi. Serikali ikichukua eneo lako kwa matumizi ya umma, huna haja ya kuthibitisha uzembe wa mtu. Fidia ni haki, na sheria za ardhi za 1999 zinataka iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Kanuni za 2001 zinataja ardhi, maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri wa mizigo, kodi ya nyumba kwa miezi 36, na faida ya biashara iliyopotea. Siku ya tathmini utapigwa picha umeshika kibao chenye namba mbele ya nyumba yako. Kabla hujasaini fomu, pitia kila mti, kila kisima na kila banda, na udai nakala. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba inaanza kudaiwa. Ukienda kwenye suala hili na maneno ya uzembe na mitaro, utajichelewesha bure.

Kwa hiyo mama mdogo

Tulichagua mbili kwa pamoja. Barua ilikwenda mwanzoni mwa Februari, diwani akapewa nakala, na picha zikapigwa huku rula ya fundi ikiwa imesimamishwa ndani ya shimo ili kina kionekane. Kabla ya kujenga tena alimwita fundi akaandika makisio, na kila mfuko wa saruji ukadaiwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, jambo ambalo muuza duka hakulifurahia. Mei mtaro ulijengewa kwa mawe. Kuhusu fedha, kimya.

Julai notisi ikapelekwa, mihuri miwili. Wiki ya saba akapigiwa simu aende kukaa na mwanasheria wao. Kikao kilikuwa cha heshima, alipewa kiti na maji. Walikubali ukuta na choo kama risiti zilivyosema. Alidai pia kuku kumi na mmoja waliokufa bandani usiku ule. Hakuwa na picha ya kuku, wala shahidi aliyewahesabu, nami sikuwa nimekumbuka kumwambia. Kuku hawakulipwa.